Chai ya Mzee Ambindwile

Kila siku asubuhi Atuganile alimwekea baba mkwe wake chai. Aliiweka kibarazani, juu ya kigoda, karibu na kiti cha mzee. Alikuja polepole, bila viatu. Aliweka kikombe, akaweka na sahani ya ndizi, akaondoka. Hakusema neno. Kisha alichukua jembe akaenda shambani.

Alirudi saa sita mchana. Ndizi zilikuwa zimeliwa kidogo. Chai ilikuwa pale pale, imepoa, na nzi ndani. Alimwaga chai ile, akaosha kikombe, akanyamaza. Kesho yake ikawa vilevile.

Mimi naitwa Tulinagwe. Nakaa Kawetele, na migomba yangu inagusana na migomba yao. Sipendi kuzungusha maneno, kwa hiyo nasema mapema. Mzee yule alikuwa anajiumiza kwa kiu, na pale nyumbani hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wote ni watu wa heshima. Heshima yenyewe ndiyo iliyoleta tatizo.

Mzee Ambindwile haoni. Macho yake yaliharibiwa na presha ya macho, polepole, mwaka baada ya mwaka. Yeye alidhani ni uzee tu. Alipofika hospitali, daktari alimwambia amechelewa. Wewe unayesoma, kama umefika miaka arobaini, nenda ukapimwe macho, hata kama unaona vizuri. Usingoje kama yeye.

Kwa miaka mitatu mzee aliongozwa na mjukuu wake, Tusajigwe. Shule ya msingi iko ng'ambo ya barabara, na hata saa ya mapumziko binti alikimbia nyumbani kumwangalia babu. Walishikana mikono, wakataniana, wakacheka. Mwezi wa kwanza Tusajigwe akaenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Nyumbani wakabaki watu watatu: mzee, mwanawe Lugano, na Atuganile, mke wa Lugano na mama yake Tusajigwe. Lugano anafanya kazi kwenye mashamba ya chai. Anatoka asubuhi na mapema, anarudi jioni. Kwa hiyo mchana mzee alibaki na mkwe wake tu.

Hapo ndipo penye mambo. Kwetu Rungwe, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakaribiani. Zamani mwanamke akimwona baba mkwe njiani, aliingia migombani akajificha hadi mzee apite. Siku hizi tunasali kanisa moja na tunapanda gari moja. Lakini mambo hayo hayajaisha yote, hasa kwa wazee. Kumshika mkono baba mkwe, hapana. Kupiga naye soga, hapana. Mkwe mwenye adabu anapita kimya na macho yanatazama chini. Atuganile alifundishwa hivyo na mama yake, akafundishika vizuri sana.

Wiki ya pili baada ya Tusajigwe kuondoka, mzee alisimama kibarazani akaanza kupapasa ukuta. Atuganile alijua anataka kwenda chooni. Angefanya nini? Mkono hawezi kuushika. Akaona fimbo ya mzee. Akasema moyoni kwamba fimbo si mkono. Akashika ncha yake, akavuta.

Mzee alifuata mbio mbio, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Katikati ya uwanja kuna mfereji wa maji ya mvua. Atuganile aliuruka. Hakusema kitu, maana hasemi na baba mkwe. Mzee hakuuruka. Alianguka kifudifudi kwenye tope, na haja ndogo ikamtoka palepale, mbele ya mke wa mwanawe. Nasema wazi kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Mtu mzima, mzee wa kanisa, alilala pale na aibu yake. Na mkwe wake alisimama pembeni analia, hathubutu kumwinua. Mimi ndiye niliyesikia, nikaja kumwinua.

Tangu siku ile mzee alipiga hesabu zake mwenyewe. Asipokunywa, hatahitaji kwenda chooni. Akawa anakula kidogo, chai anaiacha, anangoja mpaka jioni Lugano arudi. Wakati ule hakumwambia mtu; sisi tulikuja kujua baadaye. Atuganile alidhani mzee amemkasirikia, hataki tena kitu kilichotoka mkononi mwake.

Mwezi wa tatu mzee akaugua. Alitetemeka kwa homa, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Lugano alimbeba mgongoni hadi zahanati. Muuguzi alisema ni maambukizi ya njia ya mkojo, ile watu wanayoiita yutiai, na mwili wote umekauka. Akauliza kama mzee huyu anakunywa maji. Lugano akamgeukia mkewe mbele za watu.

"Baba yangu humpi maji?"

Atuganile hakujibu. Ingekuwa mimi, ningejibu, lakini yeye alinyamaza kama alivyozoea. Jumapili iliyofuata wanawake walikuwa wananong'ona hadi mlangoni mwa kanisa kwamba mwanamke yule anamnyima mzee chakula. Niliwaambia wafunge midomo. Hawakufunga.

Mzee alipona kwa dawa. Lakini Lugano alisema neno lililomchoma kila mtu. Alisema baba akiugua tena hivi, atampeleka kwa dada yake, Suma, akae huko moja kwa moja. Mzee hakutaka. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, na kaburi la mkewe liko nyuma yake, penye migomba. Alinikamata mkono siku nilipokwenda kumjulia hali, akaniambia wasimtoe pale. Nilirudi nyumbani na uchungu moyoni.

Muuguzi yule wa zahanati hakuishia kwenye dawa. Alituambia kuna mafunzo ya siku tatu Tukuyu, katika ukumbi mmoja wa kanisa, kwa watu wanaowatunza ndugu wasioona na wasiosikia. Nilijiandikisha kwa sababu mdogo wangu Ikupa hasikii. Atuganile nikamvuta twende wote. Lugano alikubali, ingawa alisema hajui kama mtu anaweza kufundishwa kumtunza baba yake mwenyewe. Anaweza, nilimwambia, na wewe pia ungefundishwa.

Mwalimu aliitwa Generosa, mwalimu wa elimu maalumu, mzaliwa wa Karagwe. Msaidizi wake alikuwa Mzee Yona, Mnyakyusa mwenzetu, asiyeona tangu ujanani. Aliingia ukumbini na fimbo yake nyeupe, akagusa viti, akahesabu mstari, akakaa mahali pake bila kushikwa na mtu. Tulibaki tunatazamana.

Siku ya kwanza nilijifunza langu. Miaka ishirini nimempigia Ikupa kelele sikioni. Kumbe natakiwa nimguse begani kwanza, nisimame mbele yake kwenye mwanga, nimpe uso wangu, nitumie mikono. Niliona aibu, lakini nilijifunza.

Siku ya pili Mwalimu Generosa alitufunga macho kwa vitenge, mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Atuganile, alimkalisha kwenye kiti. Akatuonyesha ishara tunyamaze. Akachukua kikombe cha chai, akakiweka taratibu kwenye stuli pembeni yake, akaondoka kwa kunyata.

Atuganile alingoja. Akageuza kichwa huku na huku. Akauliza kama tupo. Hatukujibu. Akanyoosha mkono kutafuta mahali pa kushika, mkono ukapiga kikombe, chai ikamwagika. Akauliza tena kama kuna mtu. Kisha akaanza kulia, na kitenge bado kiko machoni.

Mwalimu alimfungua akamuuliza kilichomliza. Atuganile akasema, "Hivi ndivyo ninavyomfanyia baba mkwe wangu kila siku."

Mwalimu akaanza kumweleza namna ya kumwongoza mtu asiyeona. Humvuti fimbo, alisema, wala humsukumi mgongoni. Unampa kiwiko chako akishike mwenyewe, wewe unatangulia nusu hatua, na unamwambia mbele kuna nini. Wanawake wakaanza kuguna. Mmoja akamwambia kwamba huyo ni baba mkwe, kiwiko hakipo. Mwalimu Generosa hakukasirika. Alikiri kwamba yeye hazijui mila zetu, akamwomba Mzee Yona atusaidie.

Mzee Yona alicheka kwanza. Alisema ana wakwe wawili na hajashika kiwiko cha yeyote, wala hajaanguka. Kisha akaacha kucheka.

"Heshima ya kunyamaza ni kwa mtu anayeona," alisema. "Anakuona umeinama, anajua umemheshimu. Mimi ukininyamazia, hujaniheshimu. Umeondoka tu."

Atuganile akamuuliza atamwambia nini mzee. Yona akamjibu kwamba aseme anapoingia na aseme anapotoka. Ataje jina lake. Aseme chai iko upande gani na ina moto kiasi gani. Kiti, kigoda na ndoo visihamishwe bila mzee kuambiwa. Na choo? Kamba, alisema Yona. Funga kamba imara toka kibarazani hadi mlango wa choo, mtu atembee mwenyewe.

Tuliporudi, Atuganile alimweleza mumewe yote, na la siku ile ya tope pia, ambalo hakuwahi kulitamka. Lugano alishika kichwa. Kisha akamwomba radhi kwa yale ya zahanati. Kesho yake hakwenda kazini. Alikata mianzi, akachimbia nguzo, akafunga kamba ya katani kwa urefu wa kiuno cha baba yake. Kwenye mfereji aliweka ubao mpana wenye vizuizi pande zote mbili. Kamba penye ubao aliipiga fundo kubwa, ili mkono ujue kabla ya mguu. Akampa baba kiwiko, wakapita njia ile mara nne.

Asubuhi ya Jumatatu Lugano akaenda kazini. Atuganile alitoka jikoni na kikombe. Mimi nilikuwa kwenye migomba yangu, najifanya napalilia. Alisimama mbali kidogo na mzee, ameinama kama desturi. Akamwita baba, kwa Kinyakyusa.

"Tata, ni mimi, Mama Tusajigwe. Chai iko mkono wako wa kulia. Ni ya moto."

Mzee aligeuza uso ukutani. Hakujibu. Atuganile akaongeza kwamba anakwenda shamba la juu na atarudi saa sita. Akaondoka. Mchana chai aliikuta imepoa. Alikuja kwangu analia, akasema amemkosea mzee adabu, bora angenyamaza. Nilimwambia ukianza jambo jema usiliache kwa siku moja, kesho sema tena.

Jumanne alisema tena. Mzee akanyamaza tena, lakini chai ilipungua nusu. Jumatano Atuganile hakwenda shambani. Alikaa uani anamenya viazi, na alimwambia mzee kwamba yupo pale uani, anamenya viazi.

Baadaye kidogo kiti kikatoa mlio. Mzee alisimama. Mkono ukatafuta kamba, ukaipata. Atuganile aliinuka akataka kukimbia kumsaidia, kisha akajizuia, akakaa. Mzee alikwenda hatua kwa hatua. Alifika kwenye fundo, akasimama, akapapasa ubao kwa fimbo, akavuka. Mlango wa choo ukafunguka, ukafungwa. Alirudi vilevile, peke yake, mkavu, amenyoosha mgongo. Akakaa kwenye kiti chake. Mimi jembe nilikuwa nimeshaliacha zamani.

Siku hizi mzee ana fimbo nyeupe, na Mzee Yona huja kumfundisha kuitumia. Jumapili anakwenda kanisani ameshika kiwiko cha Lugano, na wale wa mlangoni wamepata jambo jingine la kusema. Hajaugua tena. Habari ya kumpeleka kwa Suma imekufa.

Lakini ninachokikumbuka ni ile Jumatano. Mzee alikunywa kikombe chote mpaka chini. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Atuganile aolewe, akamwita mkwe wake kwa kinywa chake mwenyewe.

"Mama Tusajigwe, upo?"

"Nipo, Tata."

Mzee akanyoosha kikombe mbele yake, akamshukuru kwa Kinyakyusa.

"Ndaga. Niongezee."