Majani ya Kopo la Misumari

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Pini alifungua dirisha la karakana. Hakulifungua ili mwanga uingie. Alilifungua ili apate kupumua.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Hapo baba yake alitengeneza makochi, na mama yake akashona vitambaa vya kuyafunika. Kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, mikebe ya gundi, marundo ya sponji yaliyofika darini, na makochi mawili matatu ambayo bado yalikuwa mbao tupu. Watoto walilala chumba cha nyuma. Kati ya vyumba hivyo hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia tu, na pazia halizuii moshi.

Baada ya dirisha kulikuwa na vishungi vya misokoto waliyovuta wazazi wake. Pini aliviokota kwa kipande cha karatasi maana hakutaka vimguse. Vilikuwa vifupi, vyeusi upande mmoja na vilivyolowa mate upande wa pili. Asubuhi hiyo kimoja kilikuwa kimezimwa ndani ya kikombe cha Kifungo, mdogo wake wa miaka minne. Kilikuwa kinaelea juu ya maziwa yaliyobaki, kimevimba kama mdudu aliyekufa. Pini aliyamwaga maziwa, akakisugua kikombe kwa sabuni, akakinusa, akakisugua tena.

Kisha akafunua sufuria. Wali waliobakishiwa watoto ulikuwa umekwisha, na sufuria ilikuwa imekombwa kwa vidole. Baba na Mama wakishavuta, njaa iliwashika kama fisi, wakala chochote walichokikuta bila kuuliza ni cha nani.

"Dada, nina njaa," Kifungo alisema, akichungulia penye pazia.

"Ngoja, nitakutafutia kitu," Pini alijibu. Alimpa kipande cha mkate alichokuwa amekificha ndani ya mkoba wake wa shule. Siku hizo, nyumbani kwao, chakula cha mtoto kilifichwa kama dhahabu.

Pini na Kifungo yalikuwa majina ya utani. Binti aliitwa Pini kwa sababu tangu utotoni alimshikia mama yake pini wakati wa kushona. Mdogo wake alizaliwa mnene, mviringo, na siku hiyo baba yao alimbonyeza tumbo akasema, "Huyu si mtoto, ni kifungo cha kochi!" Wakati ule Baba alikuwa na utani mtamu na mikono hodari. Watu wa mtaa walimwita Fundi Makochi, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi.

Sasa walimrudishia. Juma lililopita kinyozi wa jirani alikuja na kochi lake jipya juu ya mkokoteni.

"Fundi, niambie ukweli," alisema mbele ya watu. "Uliniuzia kochi au tanuri? Mteja akikaa, linatoa moshi! Mmoja aliniuliza kama hapa ninanyoa nywele au ninakausha tumbaku."

Watu walicheka. Baba naye alicheka, tena alicheka kuliko wote, macho mekundu, huku akiukuna mkono wenye vidole vya manjano. "Ni gundi hiyo, bwana. Gundi mpya ina harufu kali." Pini alimtazama baba yake akicheka, akaona aibu, na chini ya aibu hiyo akaona kinyaa.

Harufu ile ilimfuata mpaka shuleni. Sare yake ilianikwa karakanani, na hata aifue mara ngapi, ilinuka kama majani yaliyooza juu ya moto. Wenzake walimtungia wimbo:

*Moshi moshi, unanuka,*
*ukipita, tunaruka!*

Pini hakuwa mtoto wa kunyamazia matusi. Alimgeukia yule aliyeanza kuruka, kijana mrefu wa dawati la nyuma, akamjibu papo hapo:

*Ruka ruka kama chura,*
*pua kubwa, huna sura!*

Darasa zima lilicheka, na yule kijana akakaa chini. Lakini wimbo haufui sare. Saa ya mapumziko Pini alijifungia chooni, akaishika kola ya sare yake, akainusa, akalia.

Mwalimu wa darasa alimwita pembeni. "Binti yangu, nyumbani kuna mtu anavuta?"

"Hapana, mwalimu. Ni gundi," Pini alijibu akiangalia viatu vyake.

Alifundishwa kujibu hivyo. Mama alikuwa amemwambia mara nyingi, "Ya nyumbani hayatoki mlangoni, umesikia?" Na ili yasitoke, wazazi hawakulitaja jina la kitu chenyewe. Hakuna aliyesema bangi ndani ya nyumba ile. Walisema majani. "Mama Pini, majani yamekwisha?" "Bado yapo, Baba Pini, tazama kwenye kopo." Kopo lenyewe lilikuwa la misumari midogo ya kochi. Lilikaa chini ya meza ya kukatia, na juu ya majani ilitandazwa misumari michache ili mtu akifunua asishuku. Majani ya chai yalikuwa na kopo lake jekundu kwenye rafu ya juu jikoni, mahali ambapo mtoto wa miaka minne hafiki hata akipanda kiti.

Wazazi walidhani neno hilo limewaficha. Hawakukumbuka kwamba Kifungo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza maneno.

Siku ile ya kishungi kikombeni, saa saba mchana, Pini alirudi kutoka shule akaukuta mlango uko wazi. Jikoni sufuria ya maziwa ilikuwa inatokota, imefurika mpaka kwenye jiko. Mama alikuwa amelala juu ya kochi ambalo halijafunikwa, mdomo wazi, mate yamemtiririka hadi kwenye sponji. Baba alikuwa amekaa sakafuni akipanga vifungo kwa rangi na kucheka peke yake.

Kifungo alikuwa juu ya rundo la sponji. Shingo yake ilikuwa imelegea.

"Kifungo! We, Kifungo!"

Mtoto alifumbua macho nusu. Yalikuwa mekundu na hayakumtazama mtu. "Dada, nimepika chai," alisema polepole, ulimi mzito. "Mama amesema weka majani. Nimeweka." Kisha akatapika juu ya kifua chake mwenyewe, wala hakuinua mkono kujifuta.

Pini alikimbilia jikoni. Juu ya maziwa yaliyokuwa yakichemka vilielea vipande vya kijani. Kopo la misumari lilikuwa wazi sakafuni, na misumari imewekwa kando kwa mpangilio, mmoja mmoja, kazi ya mtoto mwenye adabu aliyefanya alichotumwa. Kikombe chake kilikuwa kitupu. Chini kabisa sukari ilikuwa bado haijayeyuka.

Alirudi akamtikisa mama yake. "Mama, amka! Kifungo amekunywa yale majani yenu!"

"Mwache alale," Mama alinong'ona bila kufumbua macho. "Amechoka tu."

Baba alimtazama mwanawe, akakunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu, kisha akaangua kicheko. "Kifungo kimekatika uzi!"

Pini alisimama kama aliyemwagiwa maji machafu. Mtoto wake amelala ndani ya matapishi, naye anatunga utani! Alimwona baba yake kwa mara ya kwanza kama anavyoonekana na mpita njia: meno yenye ukoko, shati lililotobolewa na cheche, kicheko kisicho na mtu ndani. Alitaka kutema mate. Badala yake alivuta kitambaa cha kochi kutoka mezani, akamlaza mdogo wake mgongoni, akamfunga vizuri, akatoka mbio.

Zahanati ilikuwa mitaa miwili kutoka pale. Alisikia pumzi ya Kifungo sikioni, ndefu, kisha kimya, kisha fupi. Kila kimya kilipokuja Pini aliita, "Kifungo, niko hapa!" na kila mara alingoja kwa hofu kusikia pumzi inayofuata. Nyuma yake Mama alikuja akipepesuka, ndala mguu mmoja.

Muuguzi wa zamu, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, alimpokea mtoto na kumlaza kitandani. Alifunua jicho moja, kisha la pili, akasikiliza kifua.

"Amekula nini?"

Mama aliwahi kujibu. "Labda chakula cha jana, dada. Ni tumbo tu."

"Nimemuuliza aliyembeba. Amekula nini, mwanangu?"

"Amekunywa chai, nesi," Pini alisema.

"Chai gani?"

"Chai ya... majani."

"Chai zote zina majani, binti. Majani ya chai hayamlazi mtoto hivi. Nieleze vizuri, nijue namna ya kumsaidia."

Mama alimfinya Pini mkono kwa nyuma, kucha zikaingia. *Ya nyumbani hayatoki mlangoni.* Pini alitazama midomo ya mdogo wake, ikiwa imepauka. Akaona kwamba neno lile lile lililomlaza Kifungo pale ndilo analotakiwa aendelee kulisema.

"Si majani, nesi," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye benchi la nje. "Ni bangi. Bangi ya Baba na Mama. Wanaiweka kwenye kopo la misumari. Kifungo ameichemsha kwenye maziwa, akanywa kikombe kizima."

Mkono wa Mama ukamwachia.

Muuguzi hakupoteza muda kushangaa. Alimgeuza mtoto ubavu asije akapaliwa na matapishi, akamvalisha kifaa cha hewa, akaita gari la wagonjwa. Hospitalini walimlinda usiku kucha. Kesho yake alasiri Kifungo alifumbua macho, akamtazama dada yake aliyekuwa ameazimwa nguo safi na muuguzi.

"Dada, mbona unanuka sabuni?" aliuliza. "Unanuka vizuri."

Pini alicheka na kulia kwa pamoja.

Baba alikuwa amefika, kichwa kimetulia, mfukoni bado ana vifungo vya jana. Yule muuguzi wa zahanati, aliyekuja kumjulia hali mtoto, alimkuta kwenye benchi pamoja na Mama.

"Nesi, sikujua," Baba alianza. "Ni majani tu, tunatuliza mawazo..."

"Usinitajie majani!" muuguzi alimkatiza. "Majani huliwa na mbuzi. Wewe unavuta bangi, na mtoto wako aliyelala chumba cha pili anaivuta pamoja nawe. Mnakula chakula chao, mnalala wakati moto unawaka jikoni, mnamfundisha binti kuwadanganya walimu. Mlilibadilisha jina ili msione haya, na jina hilo karibu limuue huyu. Kama binti yenu angelinda siri yenu jana, leo mngekuwa na maneno mengine kabisa."

Baba aliinamisha kichwa. Mama alijifunika uso.

"Na wewe, binti," muuguzi aliongeza kwa upole, "hukuwasaliti wazazi wako. Siri inayomwumiza mtoto haitakiwi kulindwa. Mwambie mwalimu, muuguzi, au mtu mzima unayemwamini, na ulitaje jambo kwa jina lake."

Afisa wa ustawi wa jamii aliwapeleka watoto kwa shangazi yao wakae kwa muda. Baba na Mama walitakiwa kwenda hospitali kila juma kwa ushauri. Haikuwa rahisi. Mama alikonda, Baba alitokwa na jasho, akagombana hata na cherehani. Juma la pili alivuta tena, akaenda mwenyewe kumwambia mshauri, analia. Baada ya hapo hakuvuta. Alitupa sponji zote zilizonuka, akapaka kuta rangi, na mahali pa pazia akatia mlango. Kinyozi aliposikia, alikuja kuagiza kochi jingine. Lilipokamilika alilinusa kutoka mwanzo hadi mwisho, magoti chini, kama paka.

"Hili sasa ni kochi," alisema.

Mwezi wa nne tangu waondoke, watoto walirudi nyumbani. Mchana ule Baba mwenyewe alisimama jikoni kuwapikia chai. Maziwa yalipoanza kupanda alisema bila kufikiri, "Pini, nipe majani."

Mama aliganda. Pini naye hakusogea. Kifungo tu ndiye aliyeinua uso. "Majani gani, Baba?"

Baba alipunguza moto, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mwanawe.

"Umeuliza vizuri, baba. Majani ya chai. Zamani niliipa bangi jina hilo nikidhani nimeificha, kumbe nilikuwa namtegea mtego mwanangu. Uchafu hausafiki kwa kubadilishiwa jina. Ukiwa na shaka niulize tena, hata mara mia, sitakasirika."

Pini alishusha kopo jekundu kutoka kwenye rafu. Baba alilifungua, lakini hakutia chai. Alimpa kwanza Kifungo anuse, kisha Mama, kisha akamnyooshea Pini.

Pini aliinamisha pua, akavuta pumzi ndefu. Ilikuwa chai. Aliinusa tena, si kwa shaka, kisha akaenda kuleta vikombe.