Kilango cha Tattie

Jumamosi moja ya Januari, kituo cha Queen Street mjini Glasgow kilikuwa kimefurika wapanda milima: mabegi yanagongana, buti zinalia sakafuni, kila mtu anawahi treni ya kaskazini. Struan Moffat, seremala mwenye ndevu nyekundu, ndiyo kwanza alikuwa anafungua mkate wake wa soseji. Hakuung'ata. Mbwa mkubwa wa madoa meusi na meupe aliuchukua mkononi mwake kwa adabu kabisa, akaumeza.

"Tattie! Huna haya wewe!" Mwanamke wa koti la kijani, lenye viraka mabegani, alikuja mbio. "Samahani sana, kaka. Nitakununulia mwingine."

"Treni inaondoka, dada. Deni hilo utanilipa mlimani."

"Mlima upi?"

"Wowote mnaokwenda, wewe na mwizi wako."

Ujanja wenyewe ni wa kale, lakini Kirsty Geddes alicheka, na mwanamke akishacheka kazi imekwisha.

Wakapendana kama wanavyopendana watu wa kwao, yaani huku wamelowa. Walibusiana kwenye mvua ya mawe, wakakamua soksi pamoja, wakagombea chai ya mwisho kwenye chupa. Kirsty alikuwa akiimaliza milima yote mikubwa ya Scotland, mia mbili themanini na ushei, na Tattie alikuwa amekanyaga kila kilele pamoja naye. Ulibaki mmoja tu, Beinn Dorcha. Na mlima wa mwisho wa mtu una heshima yake: unampeleka mwenyewe kwa shangwe na chupa ya wiski. Humtangulii.

"Si ungoje kiangazi, mpenzi?" Struan aliuliza.

"Daktari kasema nyonga za Tattie zimekwisha. Kiangazi hatapanda hata ngazi za nyumbani. Ni baridi hii au basi."

"Na ule uzio wa kuzuia kulungu? Unavukwa kwa ngazi tu."

"Nitambeba."

"Kilo thelathini, kwenye barafu?"

"Nimesema nitambeba, Struan!"

Struan akaacha kubishana. Kumbe alikuwa na lake jambo.

Siku chache kabla ya safari, simu ya Struan ililia. Alikuwa Kirsty.

"Hujambo, kipenzi?"

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Paisley. Nilikuwa natengeneza makabati ya watu, si nilikwambia?"

"Yule muuza buti wangu amekuona Beinn Dorcha! Ndevu zako zinaonekana toka Edinburgh, halafu unanidanganya?"

"Kirsty, ngoja nikueleze..."

"Umepanda mlima wangu bila mimi! Bora ungeniibia pochi."

Akakata. Struan alipiga na kupiga, hakupokelewa. Kirsty aliwaambia marafiki sherehe ya kileleni imevunjika, akamkumbatia mbwa wake, akalia kwa uchungu.

Siku ilipofika alikwenda peke yake na Tattie. Theluji ilikuwa ile mbaya ya majimaji, inayopenya shingoni na kujaa ndani ya buti. Tattie alichechemea nyuma yake, vidonge vya barafu vikining'inia kwenye manyoya yake, mkia juu. Mpaka uzioni.

Kirsty akamwinua. Wakapanda vipago viwili, mguu ukateleza, wote wawili chali kwenye theluji. Akajaribu tena, wakaanguka tena. Sasa aliogopa. Akaketi chini, maji yakimtiririka usoni.

"Nisamehe, Tattie, bibi yangu. Tumeshindwa."

Tattie alijikung'uta, akaufuata uzio huku akinusa. Akasimama, akabweka. Kirsty alipomfikia aliona mbao mpya: kilango kidogo, kimo cha mbwa, kimechongwa kwa mkono, na juu yake jina: TATTIE. Tattie alikisukuma kwa pua, akapita, akageuka kumtazama bosi wake.

Kirsty akatoa simu kwa vidole vilivyokufa ganzi, akampigia Struan.

"Kumbe ulikuja kutengeneza hiki!"

"Mwenye shamba aliniruhusu. Nilitaka ukikute tu."

"Na kilele?"

"Sikuvuka uzio, Kirsty. Kilele si changu."

"Mjinga we! Uko wapi?"

"Huku chini, ndani ya gari langu la kazi. Tangu asubuhi. Niliogopa kukufuata, nikaogopa kuondoka."

"Panda upesi, mbwa anapoa!"

Alifika akihema, wiski mfukoni. Walikumbatiana mpaka Tattie akajipenyeza katikati. Kisha wakapanda, Struan akifungua njia kwenye theluji mbele na mbwa akikanyaga nyayo zake.

Kileleni hawakuona kitu, ukungu mtupu. Shauri yake ukungu! Tattie alikuwa wa kwanza kuparamia rundo la mawe la kilele, akabweka kama mwenye nchi. Kirsty alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka: "Yote, Tattie! Tumeimaliza yote!"

Halafu akatoa begini kitu kilichofungwa kwenye karatasi.

"Deni la Queen Street. Mkate wako niliufunga asubuhi, pamoja na hasira zangu zote. Upokee, na unioe."

Struan alinyoosha mkono huku machozi yanamtoka. Tattie akauchukua mkate kwa adabu kabisa, akaumeza.

"Nitakuoa," Struan alisema, akicheka na kulia. "Ila mkate bado nakudai."

"Nitakulipa kidogo kidogo, mpaka tuzeeke."

Wakashuka wameshikana mikono. Tattie alitangulia, na alipofika kwenye kilango chake hakungoja kufunguliwa.