Nyundo ya Gaudence

Wenzake walipopunguzwa kazini, Gaudence, mtu niliyesoma naye, alibaki bwana misitu peke yake kule Kibakwe. Nyundo ya serikali ikabaki mkononi mwake, na gogo lisilogongwa alama ya nyundo hiyo halikusafirishwa. Asubuhi moja ilimponyoka ikapiga jiwe, mguu wa namba saba iliyochongwa kwenye uso wa nyundo ukamegeka. Akaitia mkobani, akapanda mlimani kwa wapasua mbao, watu aliowanyang'anya misumeno mwaka uliotangulia.

Hakuna aliyeitikia salamu yake. Ukungu ulikuwa umeshuka, na chini ya miti palikuwa giza saa tisa mchana.

"Una nyundo ngapi?" aliuliza Elisha, mkubwa wao, bila kumtazama.

"Wilaya nzima ni hii moja."

"Basi hiyo inayogonga tangu asubuhi ni ya nani?"

Gaudence alitaka kumkaripia, ndipo akaisikia. Ko. Ko. Ko. Akatia mkono mkobani. Nyundo ilikuwemo, baridi, imetulia. Mlio ulitoka ndani ya gogo la mninga lililolazwa juu ya shimo la kupasulia, zima na gome lake.

"Lipasueni."

"Shika msumeno wewe," Elisha alisema. "Si uliupenda mwaka jana."

Gaudence akashuka shimoni, Elisha akabaki juu. Walivuta mpaka jioni, unga wa mbao ukimjaa machoni, na mlio haukunyamaza hadi gogo lilipoachana vipande viwili. Katikati ya kiini chekundu palikuwa na alama ya nyundo, bado inatoa utomvu, na saba yake haikuwa na mguu.