Panya Aliyebembelezwa

Kila siku masomo yakiisha, Kimya alikwenda maabara kumsubiri mama yake mdogo. Jina hilo alipewa na wenzake, maana tangu ahamie shule yao alikuwa mzito wa kuzungumza. Mama yake alifanya kazi mbali, na nyumbani hapakuwa na mtu. Basi aliketi kwenye benchi la korido, mpweke mno, akisikiliza feni ikivuma.

Mama mdogo alikuwa mtafiti. Alichunguza jinsi mwili wa panya unavyotoa homoni za mfadhaiko unaposhtuka, na unavyoziondoa hofu ikipita. Kwa hiyo chumba cha panya kilikuwa na amri moja: asiguswe panya yeyote kabla ya kupimwa damu. Aliyeruhusiwa kuingia humo ni mtunzaji, kijana mcheshi aliyewaamkia panya kila asubuhi kana kwamba ni wakwe zake.

Siku moja mtunzaji alikwenda kuleta chakula cha panya, akaacha mlango wazi. Kimya akachungulia. Panya mmoja alikuwa amejikunyata kizimbani peke yake.

"Maskini, na wewe huna mtu?"

Akaingia, akampakata, akambembeleza. Kifua cha panya kilidunda mbiombio, naye akadhani ni furaha. Loo! Akamrudisha, akatoka kimyakimya. Muda mfupi baadaye panya wote wakapimwa damu.

Kesho yake alimsikia mama mdogo akimfokea mtunzaji.

"Panya huyu ni wa kundi la waliotulia! Mbona homoni zimepanda hivi? Umemgusa!"

"Sijamgusa, Daktari. Haki ya Mungu."

"Nani basi, upepo? Kuanzia leo usiingie tena humu."

Mtunzaji akavua koti lake. Kimya alikuwa mlangoni akiwatazama. Akisema, mama mdogo atamchukia, na hapo atabaki bila mtu kabisa. Lakini angewezaje kumtazama yule kijana anaondoka?

"Mama mdogo, ni mimi. Nilidhani atafurahi."

Mama mdogo alishusha pumzi, akamgeukia mtunzaji. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekurukia bure."

"Yameisha, Daktari. Nilishaanza kuwaaga panya."

Kisha mama mdogo akamketisha Kimya. "Panya hajui kuwa unampenda. Kwake mkono mgeni ni hatari, na homoni humwagika kwenye damu upesi. Kuziondoa ndiko huchukua muda. Ini huzivunjavunja, mabaki yakatoka na kinyesi na mkojo. Tutampumzisha, kisha tumpime upya."

"Hata mimi moyo bado unanidunda."

"Utatulia. Ungeficha, kila ukimwona kaka huyu ungeshtuka upya. Mwili unahitaji nafasi ya kupumzika, mwanangu, na ukisema kweli unaupa nafasi hiyo. Ila na mimi nina kosa langu. Hofu ya panya naipima kila siku, wewe sijakuuliza hata umeshindaje." Akavuta kiti karibu. "Haya, shuleni kukoje?"

Kimya alitaka kujibu kwamba ni kuzuri tu, kama alivyozoea. Akaona hapana, leo hafichi tena.

"Sina rafiki hata mmoja," alisema, na mama mdogo akamkumbatia.