Aliyemchora Marsia

Picha ilikuwa inanuka rangi mbichi. Filomena Attanasio, mjuzi wa picha wa makumbusho, aliinusa tena, akakasirika, maana picha iliyochorwa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita haina haki ya kunuka hivyo. Ilimwonyesha mungu Apolo akimchuna ngozi Marsia, yule aliyethubutu kushindana naye kwa filimbi. Marsia alining'inia kichwa chini, mdomo wazi.

Asubuhi ile Filomena alikuwa ameibatiza. Ndivyo wanavyosema wajuzi wa picha kule Napoli: unasimama mbele ya picha isiyo na sahihi, unataja jina la mchoraji kwa sauti, basi, jina limeshika. Alimtaja Ascanio Vitale, fundi mkubwa. Moyoni alijua ni uongo mtupu. Mkono wa Vitale ulikuwa baridi. Aliyechora hii alichora kama mtu anayejua kipigo. Lakini mkurugenzi wa makumbusho, Ruggero Capece, alikuwa ameshawatangazia watu kuwa ni Vitale, na alimwambia Filomena achague: jina hilo, au akatafute kazi kwingine.

Sasa lilikuwa jua la mchana, Napoli yote imefunga madirisha na kulala.

"Toka humo, binti," alinong'ona Assunta, mlinzi, kutoka mlangoni. "Saa hizi si zetu. Ni zao."

"Zao akina nani? Niache na hasira zangu."

Assunta alikunja vidole vikawa pembe, kukinga shari ya wafu, akaondoka upesi.

Kiganja cha Filomena kikaanza kuwasha. Alikikuna, na ngozi ikaachia kama ganda la kitunguu, bila damu, bila maumivu, na harufu ya nyama mbichi ikachanganyika na ile ya rangi, na nyuma yake, ambako palikuwa na ukuta tu, mtu akavuta pumzi ndefu ya shida, pumzi ya aliyening'inizwa miguu juu, kisha akasema karibu kabisa na sikio lake, "Umeniita nani?"

"Vi... Vitale."

Ngozi ikachunika mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Huyo alikuwa bwana wangu, akanitundika darini, akanichapa mpaka nikafa, picha yangu akaifanya yake! Na wewe ulijua, mwanamke! Ulijua!"

"Nisamehe. Nisamehe, nakuomba. Niambie jina lako."

"Saverio Esposito. Mtoto wa kuokotwa; sote tulipewa jina hilo la Esposito."

Filomena alilitaja kwa sauti. Mwasho ukakoma. Ngozi iliyotoka haikurudi.

Jioni, wageni wa uzinduzi wa picha wakianza kuingia, alimfuata Capece na mkono uliofungwa kitambaa, akamweleza yote. Capece alicheka mpaka machozi.

"Esposito? Muuza pweza hapo chini ni Esposito! Nusu ya mji ni Esposito! Nimwambie waziri nimemletea picha ya mtoto wa kutupwa?"

"Mkurugenzi, nakusihi, usilitaje lile jina mbele ya picha. Taja la Saverio. Tazama mkono wangu!"

"Umeungua na jua, bibi. Na kesho usije kazini."

Hasira zilimpanda Filomena mpaka masikio yakavuma. Miaka yote alimkingia kifua mtu huyu, na hata ngozi ya mwili wake haikumtosha! Alikwenda kukaa mstari wa mbele.

Capece alishika kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, mchoraji wetu: Ascanio Vitale!"

Makofi yakalipuka. Harufu ya rangi mbichi ikajaa ukumbini, wageni wakaziba pua. Capece alijikuna shingoni, akatazama vidole vyake, akaona kitu chepesi, cheupe, kikining'inia. Rangi ikamtoka usoni. Jina la kumwokoa alikuwa ameshaambiwa, ila waziri alikuwa anamtazama, na midomo ikamgoma. Macho yake yakamtafuta Filomena, yakamwomba.

Filomena angeweza kulitaja kwa sauti jina la Saverio kwa niaba yake. Aliinuka, akaushika vizuri mkono wake uliochunika.

"Rudia, mkurugenzi," alisema. "Wa nyuma hawajasikia."