Bomba Lililoishia Ng'ambo ya Barabara

Sitara alikuwa fundi wa mapazia. Kila asubuhi alitoa cherehani yake barazani, akashona. Mtaa wao uko Kariakoo, jirani na Gerezani. Vitambaa alivipata kwenye duka la ng'ambo ya barabara, kwa Shobhana na mumewe Umakant. Tangu biashara iwe ruksa, duka lile lilijaa vitambaa vya kila nchi, na Sitara hakukosa kazi.

Ng'ambo kulikuwa na maghorofa. Chini maduka, juu waliishi Wahindi. Upande wa Sitara zilikuwa nyumba za Kiswahili za bati. Uani kwake kulikuwa na kisima na choo cha shimo. Nyumba hiyo mumewe, Awadhi, aliirithi kwa baba yake.

Ukafika mwaka wa mvua za El-Nino. Wingu lilipofunga, Awadhi alifanya kama alivyofanya baba yake. Alichukua sululu akatoboa ukuta wa shimo la choo, ili maji ya mvua yabebe uchafu. Watu wa Dar huita kazi hiyo kutapisha choo. Gari la kunyonya maji machafu halikuweza kupita kichochoroni, kwa hiyo mtaa mzima ulifanya hivyohivyo.

"Baba Anfal, ona, maji yamesimama," alisema Sitara. "Hayaendi."

"Yataenda tu. Miaka yote yanaenda."

Hayakwenda. Vibanda vipya vya biashara vilikuwa vimeziba mtaro. Maji machafu yalirudi uani, yakaingia kisimani. Mvua ilipokatika, maji ya kisima yalionekana safi. Wakachota kama kawaida.

Haukupita muda, binti yao Anfal, mtoto wa miaka minne, akaanza kuharisha maji meupe kama maji ya mchele. Akatapika. Macho yakaingia ndani. Awadhi alikuwa kazini Gerezani.

"Usimpe maji, atazidi kuharisha," alisema Severa, mpangaji wao. Kisha akasogea karibu. "Hebu jiulize. Mvua ni ileile. Mbona Wahindi kule juu hawaugui? Wana dawa yao, wanaificha."

Sitara alijiuliza, na hasira ikampanda. Kweli, ng'ambo hakuugua hata mmoja. Alimbeba mtoto, akavuka barabara, akapanda ngazi za ghorofa. Alipiga hodi kwa kiganja kizima.

"Mama Rupal, nakuomba," Sitara alimwambia Shobhana alipofungua. "Nipe ile dawa yenu."



"Dawa gani?" aliuliza Shobhana.

"Mnayokunywa ninyi, hamuugui! Mwanangu anakufa!"

Shobhana alirudi nyuma hatua moja. Nao kule juu walikuwa na maneno yao. Walisema watu wa chini huugua kwa sababu ni wachafu, ndivyo walivyoumbwa. Shobhana mwenyewe aliwahi kuyasema, mezani, mbele ya watoto wake. Sasa alimtazama Anfal, kichwa kimelegea begani kwa mama yake, akaona aibu.

"Hakuna dawa, mama Anfal. Naapa. Ingekuwepo ningekupa."

Bahati nzuri, bwana afya wa kata, Elisaria, alikuwa dukani kwa Umakant akibandika tangazo la kipindupindu. Shobhana alimwita kwa sauti. Elisaria alipanda mbio, akafinya ngozi ya tumbo la mtoto. Ngozi ilichelewa kurudi.

"Kipindupindu. Aende kituoni sasa hivi. Mama Rupal, una maji yaliyochemshwa yakapoa? Nipe lita moja. Tia sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Koroga."

"Lakini wameniambia nisimpe maji," alisema Sitara.

"Maji ndiyo yanayomtoka. Ukimnyima, utampoteza. Mnyweshe kidogo kidogo njiani, na akitapika, subiri kidogo, endelea."

Umakant aliwapeleka kwa gari lake la kubebea mizigo.

Kituoni Anfal alitundikiwa maji ya mshipa. Kitanda cha pili alilala mtoto wa Mauza, jirani yao wa nyumba ya tatu. Mauza naye alikuwa amekatazwa kumpa maji mtoto wake. Alichelewa kumleta. Asubuhi Anfal aliomba uji. Mtoto wa Mauza alikuwa ameshafariki.

Awadhi, aliyekuja kutoka kazini, alikaa nje ya kituo na Sitara na Shobhana, ameinamisha kichwa.

"Bwana afya, ni choo changu kilichomuua?"

"Ni vyoo vya mtaa mzima," alijibu Elisaria. "Uchafu umeingia visimani, na msitapishe tena. Lakini nisikudanganye, kosa si lenu peke yenu. Wakoloni waligawa mji huu kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mabomba ya maji machafu yalifuata mgawo huo. Ghorofa la Umakant lina bomba. Kwenu halikuvuka barabara. Wakoloni wameondoka, bomba liko palepale."

"Kwa hiyo si damu, wala si dawa," alisema Sitara.

"Wala si uchafu wa mtu," alisema Shobhana taratibu.

"Hata kidogo," alisema Elisaria. "Na wataalamu wanasema dunia inazidi kupata joto. Mvua kubwa kama hizi zitakuja mara nyingi zaidi. Zikija, zitawaumiza kwanza walioachwa nje ya bomba."

Awadhi aliziba tundu la choo kwa saruji. Kisima kilifunikwa. Maji ya kunywa yakawa yanachemshwa kila nyumba, na vijana wakaondoa uchafu mtaroni. Kisha watu wa pande zote mbili walikwenda pamoja ofisi ya jiji kudai bomba.

"Ramani haifiki kule," karani aliwaambia.

"Basi chora nyingine," alisema Shobhana. "Tutarudi kesho."

Walirudi kesho, na keshokutwa, na miezi mingi baadaye. Walifukuzwa, wakaahidiwa, wakasahauliwa, wakarudi tena. Mwishowe mafundi walikuja, wakachimba barabara, na bomba likavuka.

Mvua kubwa ilirudi. Mtaa ulijaa maji, lakini maji machafu ya vyooni yalikwenda na bomba. Hakuugua mtoto hata mmoja, juu wala chini. Watu walikaa barazani wakipongezana.

Mauza alisimama mlangoni kwake, akiwasikiliza.

"Kumbe barabara ilichimbwa kwa wiki moja tu," alisema.

Sitara aliinuka, akaenda kusimama naye.