Kiti cha Kushoto

Tangazo la kuuza gari lilitoka Jumatatu. Jumanne asubuhi, fundi viti alipofungua gereji na kuvuta turubai, alikuta kiti cha kushoto kimebonyea.

Kilibonyea kama kiti ambacho mtu amekikalia kwa muda mrefu na kuinuka sasa hivi. Alama za mapaja mawili zilionekana waziwazi. Fundi viti alikuwa amekishona kile kiti kwa mikono yake, ngozi mpya, akaivuta ikakaza kama ngoma. Akaweka kiganja. Palikuwa na joto.

"Msasa!" akamwita mdogo wake. "Umelala humu?"

Mdogo mtu aliitwa Msasa kwa sababu ya kazi yake ya kusugua mabati, na pia kwa sababu ya ulimi wake. Alitokea mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Nilale humu wakati nina mke nyumbani? Dada, uzee unakupanda kichwani."

"Basi nani amekaa hapa?"

"Jua hilo. Bati limepata moto."

Ilikuwa saa moja na nusu. Jua lilikuwa bado halijagusa hata kizingiti. Dada mtu alikipigapiga kiti mpaka kikajaa tena.

Lilikuwa gari la mbio la Kiingereza, la zamani sana. Boneti ndefu, mkia mfupi, viti viwili tu, halina paa, rimu za spoku na usukani wa mbao upande wa kulia. Walilinunua likiwa chuma chakavu nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyekufa bila mke wala mtoto, na kuku walikuwa wametaga ndani yake. Walilihangaikia miaka minne. Msasa alinyoosha bodi, akapiga rangi ya kijani iliyokolea, ikang'aa mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu mbele ya mlango wake. Alikuwa amechoka kuitwa kunyoosha teksi zilizogongana. Alitaka watu walione gari lile na waulize, nani amelitengeneza?

Dada alishona viti. Msasa alimkataza kutumia sponji, maana wanunuzi wa magari hayo wanataka kila kitu kiwe cha asili. Kwa hiyo dada alifua yale manyoya ya farasi yaliyokuwa ndani ya viti vya zamani, akayaanika, akayarudisha. Ya kiti cha kushoto yalikuwa meusi na marefu kuliko mengine. Hakulitilia maanani.

Mteja wa kwanza alikuja Jumatano, rubani mstaafu aliyevaa glavu za ngozi kabisa. Alilizunguka gari mara tatu huku akiguna kwa raha, akaomba alijaribu peke yake. Msasa akampa ufunguo. Injini ikanguruma, vioo vya dirisha la ofisi vikatetemeka, na gari likapotelea kwenye kona.

Baada ya robo saa rubani alirudi kwa miguu. Gari alikuwa ameliacha mtaa wa pili, mlango uko wazi. Glavu moja alikuwa ameivua, na mkono wake wa kushoto ameukumbatia kifuani.

"Mna dharau sana nyinyi," alisema, na midomo yake ilikuwa myeupe. "Kama mna mtu wenu ndani ya gari, semeni."

"Mtu gani, mzee?" Msasa aliuliza.

"Mwanamke! Nilipotaka kubadilisha gia akaweka mkono wake juu ya wangu. Nikatazama pembeni, simwoni. Lakini mkono hauachii."

Akaunyoosha mkono. Juu ya kifundo palikuwa na alama za vidole, vyembamba, virefu mno, vimezunguka mkono mzima na kurudi kukutana upande wa pili.

Rubani alipoondoka Msasa alicheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu. "Presha hiyo. Wazee wakikaa kwenye gari la kasi damu inawapanda."

Dada mtu alikwenda kulifuata gari. Alipofungua mlango harufu ilimpiga usoni, harufu ya maziwa yaliyochacha, nzito, kama mtu amemwaga ndoo nzima ndani na kufunga. Hakuthubutu kuliendesha. Walilisukuma mpaka gereji, na njia nzima wakabishana.

"Usimuuzie mtu hiki kitu," alisema dada.

"Kitu? Miaka yangu minne unaiita kitu?"

"Kuna mtu ndani yake, mdogo wangu."

"Ukisema hivyo mbele ya mteja," Msasa alijibu bila kumtazama, "usiniite tena mdogo wako."

Jumamosi, saa sita mchana, alikuja daktari wa meno na mkewe. Walikuwa watu wa furaha. Mke alikuwa na ujauzito wa miezi kama sita hivi, na alikuwa akimtania mumewe kwamba gari lenyewe halina hata pa kuweka beseni la mtoto. Daktari akaingia upande wa usukani. Mke akazunguka kushoto.

"Mama, usiingie kwanza," fundi viti alisema haraka. "Kiti hicho… gundi yake haijakauka."

"Imekauka," Msasa alisema, na jicho alilomtupia dada yake lilikuwa la mtu asiyemjua. Akamfungulia yule mama mlango.

Mama akakaa, akacheka, akasema, "Mbona kina joto," na hapohapo kicheko kikakatika. Macho yake yalibaki wazi yakitazama mbele. Kisha kinywa chake kikafunguka na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa ya chini na ya upole kupita kiasi, kama ya mtu anayemsemesha mgonjwa.

"Inuka," ilisema. "Nimekaa hapa."

"Mke wangu?" daktari alinong'ona.

"Kiti hiki nilipewa. Aliyenipa alishinda kila shindano, hakuvunjika hata ukucha. Inuka, mama. Inukeni wote wawili."

Na yule mama alitaka kuinuka, ilionekana wazi kwamba anataka, maana mikono yake ilishika mlango na shingo ilimtoka mishipa na machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini ngozi ya kiti ilikuwa imemkamata mapaja na mgongo kama tope linavyokamata mguu, na ilikuwa ikipanda, taratibu, ikimzunguka tumbo, huku mumewe akimvuta mkono na kuliita jina lake, huku Msasa akiwa amesimama na kitambaa cha kung'arishia mkononi kana kwamba miguu yake imepigwa misumari sakafuni, mpaka dada mtu akachomoa kisu chake cha kukatia ngozi, akapiga magoti mlangoni na kukichana kile kiti alichokishona mwenyewe, kutoka juu mpaka chini, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikafumka, na yule mama akaanguka nje mikononi mwa mumewe akipumua kama aliyetolewa majini.

Walikwenda mbio hospitali. Mama na mtoto wa tumboni walisalimika. Daktari hakurudi tena pale, ila alipiga simu mara moja tu, akamwambia Msasa, "Ulijua. Nilikuona usoni, ulijua." Akakata.

Ndani ya mpasuko wa kiti hamkuwa na manyoya ya farasi. Mlikuwa na nywele za mtu, nyeusi, zimesukwa, na zilikuwa zimeota kupita kipimo chochote alichowahi kukijaza fundi viti. Zilikuwa na unyevunyevu.

Jumapili dada alimleta nesi mstaafu, mama mmoja mnene aliyewahi kufanya kazi wodini miaka thelathini na ambaye sasa watu humwita kwa maradhi ambayo hospitali haiyawezi. Alilizunguka gari, akanusa, akasoma dua zake kwa sauti ya kunong'ona, akatega sikio kwenye boneti. Aliporudi alikuwa anatokwa na jasho.

"Jini aliyeingia mwenyewe namtoa," alisema. "Huyu hakuingia. Alikaribishwa. Yule mzee aliyekuwa na gari alimpa kiti, yeye akapewa ushindi. Ndiyo maana hakuoa. Angemkalisha wapi mke?"

"Sasa tufanye nini, mama?" dada aliuliza.

"Livunjeni gari lote. Na mtu yeyote asimwahidi kitu. Hata kwa utani. Mmenisikia?"

Dada aliitikia. Msasa aliinamisha kichwa, akijing'ata mdomo.

Jumatatu asubuhi dada alikuta kiti cha kushoto kimefunguliwa boliti zake, kimetupwa sakafuni. Gari halipo. Alimpigia wifi yake, mke wa Msasa.

"Ametoka alfajiri," wifi alisema. "Amepata mnunuzi mji mwingine. Anasema kiti amekitoa, atamwona huyo jini atakaa wapi."

Dada alimchukua nesi kwenye pikapu ya gereji, wakashika barabara kuu. Waliendesha saa nzima kwenye mwanga mkali wa asubuhi, malori yakiwapita, watu wakitembea na shughuli zao, na kila gari la kijani lililojitokeza mbele lilimfanya dada akanyage mafuta bila kujua, mpaka kwenye mteremko mmoja mrefu walipoliona, limeegeshwa vizuri kando ya barabara, injini inanguruma taratibu, halina mkwaruzo, na ndani yake Msasa amekaa kushoto, chini, juu ya bati tupu pale kiti kilipokuwa, magoti yamemfika kidevuni, mikono ameikunja mapajani kwa adabu kama abiria wa basi.

Usukani ulikuwa ukicheza wenyewe, kidogo kidogo, kulia, kushoto.

"Msasa," dada alinong'ona. "Nani ameendesha?"

"Yeye," alisema Msasa bila kugeuka. "Nilimnyang'anya kiti chake, akachukua changu. Anaendesha vizuri sana, dada. Hapigi breki."

Nesi akamshika kwapa moja, dada jingine, wakamtoa. Hakuna kilichowazuia. Injini ikajizima. Nesi alisoma dua mpaka sauti ikamkauka, akamtazama Msasa machoni kwa muda mrefu.

"Amekuachia upesi mno," alisema. "Umemwahidi nini?"

"Sijamwahidi kitu."

"Nakuuliza tena."

"Mama, sijamwahidi kitu! Livunjeni hilo gari. Livunjeni leo."

Wakalipeleka kwenye kiwanda cha vyuma chakavu. Dada alisimama akaangalia mashine ikilibana, boneti ikijikunja, rangi ya kijani ikipasuka, mpaka likabaki bonge la chuma la kukaa juu ya meza. Alilia, kwa kuwa lilikuwa zuri. Msasa hakulia. Alikuwa akitazama saa yake.

Baada ya hapo kazi zilimiminika gereji. Watu walileta magari ya kizamani kutoka kila upande, na kila alilogusa Msasa lilitoka kama jipya, gazeti likaandika habari zake na picha juu. Dada alifurahi. Kitu kimoja tu kilimsumbua: miezi miwili ilipita mdogo wake hajamkaribisha nyumbani.

Siku moja akaenda bila kualikwa, wakati wa chakula cha mchana. Wifi alimfungulia. Alikuwa amekonda, mifupa ya mabega imechomoza, na alimkumbatia kwa nguvu bila kusema neno. Mezani palikuwa na viti viwili tu na sahani mbili, na moja ilikuwa imekwisha pakuliwa, inafuka moshi. Dada akavuta kiti cha kushoto ili akae.

Wifi alimdaka mkono.

"Hapo usikae, wifi," alinong'ona.

Msasa aliingia akifuta mikono. Alipoona kiti kimevutwa akasimama, akakisogeza taratibu mahali pake, akainama kidogo na kusema kwa sauti ya chini, "Samahani. Dada yangu alikuwa hajui." Kisha akaketi, akaanza kula.

Dada alitazama meza, akamtazama wifi yake. "Na wewe unakula wapi?"

"Jikoni. Nimeshazoea." Wifi alimsogelea mpaka midomo yake ikagusa sikio. "Lakini tangu juzi huyo wa kwenye kiti anaulizia kitanda."